Nilivyombadilisha Mwalimu kwa Simenti

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Mashindano ya kimataifa ya sataranji yameanza huko mbali, na klabu yetu imepiga kura.

Klabu yetu ina watu wanane, wote wa jengo hili. Mimi nipo kliniki ya meno, chumba cha nyuma, natengeneza meno bandia. Duka la dawa la chini ni la yule bwana tunayemwita Dozi, maana hata salamu huitoa kutwa mara tatu. Daktari wa macho ndiye mwenyekiti. Fundi wa lifti ni mke wangu.

Mwenyekiti katangaza: wachezaji ni kumi, raundi tisa. Kila mwanachama achague mchezaji wake, hakuna wawili kwa mmoja. Ambaye mchezaji wake ataongeza alama nyingi za ubora kuliko wote ndiye atakayekuwa kapteni wetu dhidi ya klabu ya Posta. Kapteni! Anakaa meza ya kwanza. Anapigwa picha.

Kaeleza pia jinsi alama zinavyopanda na kushuka. Sikusikiliza sana. Kuongeza alama, kushinda kombe, si kitu kilekile?

Mke wangu kaokota karatasi namba moja. Kamchukua Simenti, mchezaji ambaye ukuta wake haupenyeki. Mimi namba mbili. Nikaitazama orodha. Pembeni ya kila jina kuna namba. Wengine wana tatu, kumi na moja, arobaini. Mmoja ana mia sita na arobaini! Mwanamke, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Watu wamepofuka? Nikamdaka mbio.

Dozi akakohoa, kisha akanipongeza kwa moyo wote. Kwa moyo wote mno.

Jioni, nyumbani. Mke wangu kaniuliza taratibu kama najua ile namba ni nafasi ya mtu duniani. Simenti ni wa tatu duniani. Mwalimu wangu ni wa mia sita na arobaini. Alama zake ni 2495, za Simenti 2785. Ndiye wa mwisho kabisa katika wale kumi.

Nikasema nilijua. Akasema uso wangu haukuwa wa mtu anayejua. Nikasema ule ulikuwa uso wa mkakati.

Mwalimu katoka sare leo. Sare! Bado napumua.


Jumanne, 5 Machi

MWALIMU KASHINDA! Kamla mtu wa tisa duniani, farasi wake katua katikati ya ubao na hakung'oka.

Dozi hakupanda kunisalimia. Hata mara moja.

Nimemwambia kila niliyekutana naye kwenye ngazi kwamba mwanamke yule nilimwona mapema. Mlinzi kaniuliza nilimwonea wapi. Nikamjibu, kwa jicho la ndani. Kanishauri nipande kwa daktari wa macho.


Jumatano, 6 Machi

Michezo inaanza saa nane mchana, na televisheni nzuri ya jengo zima ni ile ya chumba chetu cha kusubiri. Shida: saa nane wagonjwa hutazama tamthilia, na dada wa mapokezi hulala na rimoti mkononi kama mtoto na mdoli wake.

Nikapata akili. Nikabandika tangazo ukutani: “Utafiti umeonyesha kuwa kutazama sataranji kunapunguza maumivu ya jino.” Dada wa mapokezi kalisoma mara mbili, kanipa rimoti.

Limefanya kazi kupita kiasi. Mama mmoja mwenye shavu kama chungwa kaitwa zamu yake, kakataa kuingia. Eti asubiri amwone malkia anatoka vipi pale kwenye kona. Aliyefuata naye kakataa. Foleni ikakwama. Daktari wetu wa meno katoka na koleo mkononi, kakuta chumba kizima kinabishana kuhusu ngome.

Kaniuliza utafiti ule kaufanya nani. Nikasema ni mimi. Lini? Leo. Kwa wagonjwa wangapi? Nikamwonyesha kwa mkono wale waliokaa.

Televisheni imerudishwa kwenye tamthilia. Mwalimu katoka sare.


Ijumaa, 8 Machi

Leo wachezaji wanapumzika. Mimi sipumziki, nina kesi.

Jana nilikuwa natazama raundi ya nne kwenye simu, nimeiegemeza kwenye kopo la nta, huku napanga meno ya mzee mmoja mwenye sauti nzito. Mwalimu alipoteka askari wa tatu, mkono wangu ulitetemeka kwa furaha. Alishinda. Mzee kaja leo kujaribu meno yake, kafungua kinywa mbele ya kioo. Gego lipo mbele kabisa, pale pa kutabasamia.

Nikamwambia ni mtindo mpya. Kisha kacheka, kicheko kikubwa mpaka meno yenyewe yakaanguka kwenye bakuli. Kaniambia, “Mwanangu, nirekebishie, halafu unieleze huyo mwalimu ni nani.”

Nimemrekebishia. Tumekaa saa nzima na ubao. Ni mzee mwenye busara sana, ingawa kanifunga mara mbili.

Dozi kanikuta kwenye lifti. Kasema bahati huchoka. Mchezaji wake, Mpole, wa pili kwa ubora katika wale kumi, hana haraka. Nikamwambia mimi siongozwi na bahati, naongozwa na uchambuzi. Lifti ikagoma kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Dakika ishirini mimi na yeye, bega kwa bega. Mke wangu katufungua, kauliza nani kati yetu alibonyeza vitufe vyote kwa mpigo.

Ilikuwa ni sisi sote wawili.


Jumapili, 10 Machi

Jana sare. Leo Mwalimu kapigwa.

Na si kupigwa tu. Kafungwa mfalme katikati ya ubao, mchana kweupe, na mtu anayekula ndizi huku anacheza! Sikula chakula cha jioni. Nikala baadaye, mara mbili, lakini bila raha.


Jumatatu, 11 Machi

Kapigwa tena.

Dozi karudisha salamu zake zote tatu. Ya tatu kaileta hadi chumba cha nyuma.


Jumanne, 12 Machi

Usingizi wa mchana umenipa mwanga. Kanuni ya klabu yetu inaruhusu wanachama kubadilishana wachezaji mara moja kabla ya raundi ya mwisho. Raundi ya mwisho ni kesho, na Mwalimu atacheza na nani? Simenti! Simenti ambaye tayari kombe ni lake, anaongoza kwa pointi moja na nusu. Mwalimu leo kaambulia sare. Kesho atasagwa.

Na Simenti yuko kwa nani? Kwa mke wangu. Ambaye ananiamini.

Dhamiri ilinisumbua njia nzima, mpaka nilipofika mlangoni.

Nilianza kwa mbali. Nikasifu mboga. Nikasifu viatu vyake vya kazi. Nikasema mwanamke kama yeye angependeza kuwa na mchezaji mwanamke mwenzake. Nikasema Mwalimu ana moyo, Simenti ana ukuta tu, na mtu hawezi kuishi na ukuta. Halafu, kama kitu kilichopita tu kichwani, nikataja kubadilishana.

Kakubali kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Nikashtuka kidogo. Nikaogopa atajirudi, nikaongezea: nitaosha vyombo wiki nzima.

“Wiki mbili,” akasema.

“Mbili,” nikasema, nikatoa karatasi. Tumetia saini sote wawili, mwenyekiti kapigiwa simu, basi!

Maskini mke wangu. Wakati naosha masufuria alikuwa anapiga mluzi. Nikajisikia vibaya. Nikaamua nikishakuwa kapteni nitamweka meza ya pili.


Jumatano, 13 Machi



Mwenyekiti kafunga kliniki yake mapema, kaleta kompyuta, tumejazana sote wanane katika chumba chake chenye herufi kubwa ukutani. Mimi nilikaa mbele, nimevaa tai. Mke wangu kaja na ovaroli na mkoba wa vifaa, kasimama nyuma.

Saa ya kwanza, sawa. Simenti kajenga ukuta wake. Saa ya pili, Mwalimu kasogeza askari mmoja pembeni, kidogo tu, kama mtu anayesogeza kiti ili apite. Dozi kacheka. Nami nikacheka, maana nilikuwa mtu wa Simenti. Kicheko hakikutoka vizuri.

Saa ya tatu yule askari alikuwa amefika mstari wa sita. Simenti kavua koti. Nilimwona Mwalimu kwenye kioo cha kompyuta: kashika shavu, kakunja uso, kama anasahihisha daftari la mwanafunzi anayempenda lakini amekosea. Dakika nne zimembakia. Tatu. Kila hatua anayocheza ni sahihi.

Na mimi, sijui nini kilinipata. Askari alipoingia mstari wa saba, hatua moja tu kabla ya kugeuka malkia, nikajikuta nimesimama. Nimepanda juu ya kiti. Napiga kelele, “Mwalimu! Mwalimu! Twende mama!” Tai imekaa kisogoni. Dozi ananivuta suruali ananikumbusha kwamba huyo si wangu tena. Nikamwambia aniache.

Simenti kasimamisha saa. Kampa Mwalimu mkono: kakubali kushindwa.

Chumba kizima kikalipuka. Nimemkumbatia mwenyekiti. Nimemkumbatia Dozi! Mke wangu kaja kutoka nyuma, kanishika kichwa kwa mikono yake yenye grisi, tukarukaruka kama watu waliopata mtoto.

Halafu mwenyekiti kavaa miwani, kasoma hesabu.

Simenti: kombe kachukua. Lakini alama! Alikuwa ameongeza tano. Kushindwa na aliye chini yake kiasi kile kumemkata nane. Yuko chini ya sifuri kwa tatu. Bingwa kashuka! Mpole wa Dozi: kumi na mbili juu. Mwalimu: ishirini na saba juu.

Nikauliza kama kuna makosa. Mwenyekiti kaeleza tena, pole pole, kile alichoeleza siku ya kwanza. Hata jana, wakati namtoa, Mwalimu alikuwa juu ya wote. Hata angeshindwa leo asingekatwa hata alama mbili, maana hakuna aliyetarajia ashinde.

Nikamgeukia mke wangu. Nikamuuliza kama alijua.

“Mimi nilimsikiliza mwenyekiti,” akasema.

Mke wangu ndiye kapteni. Kapigwa picha na ovaroli. Kapendeza, lazima niseme kweli. Kanivuta nami niingie pembeni, na katika picha nacheka kuliko yeye.

Masufuria ya leo yalikuwa mengi.


Alhamisi, 14 Machi

Nimetafakari kwa kina, kama mtu mzima. Kosa langu nimeligundua. Si kwamba nilibadilisha. Kosa ni kwamba nilibadilisha mara moja tu. Ningepata nafasi ya pili leo asubuhi ningemrudisha Mwalimu, na sasa ningekuwa kapteni. Nimemwandikia mwenyekiti barua, kurasa mbili, nikipendekeza kanuni irekebishwe.

Kapteni katoa kikosi. Mimi meza ya nane. Sikununa. Kanieleza nyumbani, kwa upole, kwamba meza ya nane ya Posta ni bwana wa stempu aliyejifunza mchezo mwezi uliopita, na bado anamwendesha farasi kama ngome. Kasema hiyo pointi kaniwekea mimi makusudi, kwa kuwa jana alipenda nilivyoshangilia. Tutafanya mazoezi pamoja kila jioni baada ya vyombo. Nimefurahi, sifichi. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea.

Lakini mtu kama mimi, meza ya nane?

Mchana nikashuka duka la dawa. Dozi yupo meza ya pili, dhidi ya yule mama wa Posta ambaye hajafungwa tangu jengo lao lipakwe rangi. Nikaanza kwa mbali. Nikasifu rafu zake. Nikamwambia meza ya pili ina upepo wa dirishani, nami nimesikia ana kifua. Halafu, kama kitu kilichopita tu kichwani, nikataja kubadilishana, kapteni akiridhia.

Kakubali kabla sijamaliza! Kanishika mkono kwa mikono yake miwili, kanipa na pipi za koo, bure.

Maskini Dozi. Hajui hata alichokitoa.