Jinsi Orest Alivyomwachia Adui Chaguo la Kwanza

Sogeeni, enyi mnaopuliza kahawa, na wewe uliye mlangoni ingia ufunge, baridi ya Saskachewani yetu ya Kanada haina adabu! Tegeni masikio niwasimulie vita kuu ya Oktoba hapa Zoria, mji wa watu mia sita na uwanja mmoja wa barafu. Vita iliyonunisha wake kwa waume, hata kinyozi wetu akagoma kuwanyoa mashabiki wa timu ya Mbweha.

Namsifu Orest Hrynkiw, Simba wa Lango, nahodha na kipa wa Nyati, shujaa wa miaka sitini na miwili, ambaye kwa misimu kumi na mmoja ya hoki ya barafuni alivipokea visahani vya adui, vile vya mpira mgumu vipigwavyo kwa fimbo, kwa kifua, kwa paji la uso, na kwa mahali pasipotajwa mbele ya wakwe. Ole wake, goti la kushoto lilikuwa limeasi! Daktari alimwambia wazi: msimu mmoja tena golini, na utatembelea fimbo, wala si ya hoki.

Sasa, kwa kuwa Nyati walishika mkia, sheria ya ligi yetu iliwapa haki ya kuchagua mchezaji mpya kabla ya timu zote. Na wa kuchaguliwa alijulikana hata na watoto wa kunyonya: Trevor Bodnar, Radi ya Barafu. Ndipo akaja Lorne Fehr, nahodha wa Mbweha, mwenye hazina ya makipa wawili, akanena:

"Mzee Orest, niachie chaguo lako la kwanza, nikupe kipa. Mzima kabisa, magoti yote mawili."

Nyati wakanguruma. Wally, beki mpana kama ghala la ngano, akapanda juu ya kiti, nacho kiti kikalia.

"Mzee, umerogwa? Ukimwachia Trevor umemwachia na mama yake! Pirogi je?"

Nyati wote wakamgeukia Orest. Maana Mama Stefka Bodnar ndiye malkia wa pirogi, vile vidonge vya unga vilivyoshiba viazi na jibini, vikaogeshwa siagi na vitunguu. Na alikuwa ametangaza kwamba kila Jumamosi sufuria itafuata timu ya mwanawe.

"Magoli tutakosa, tumezoea," Wally akalia. "Lakini sufuria, jamani!"

Orest akalisugua goti lake, kama mfalme aulizaye shauri la waziri.

"Lorne, nimekubali. Ila niongezee yule wa mwisho kwenye orodha ya wachezaji wako."

"Nani, Myron?" Mbweha wakaangua kicheko. Myron, ndugu yake Trevor, aliteleza kama ng'ombe aliyekanyaga sabuni. "Mchukue bure, kaka! Nikufungie na ufagio?"

"Tumeuza radi, tumenunua ng'ombe," Wally akanena, akashuka kitini kwa msiba.

Jumamosi ikafika, Nyati kwa Mbweha. Trevor akafunga manne. Myron akaanguka mara kumi na moja. Jirani yangu anasema kumi na tatu, lakini huyo huzidisha kila kitu. Kipa mpya akazuia yaliyobaki, na Orest akatazama kutoka benchi.

Kisha, ukumbini kati ya vyumba viwili vya kubadilishia nguo, akatokea Mama Stefka na sufuria iliyoviringishwa blanketi. Lorne alishafungua mlango wake, uma mkononi.

"Karibu mama, shujaa wako yuko huku!"

"Nimemwona. Ana magoli manne, na ale hayo. Huyu wangu mwingine ana nini, masikini?"

Akageuka. Akaingia kwa Nyati.

"Ulijuaje, mzee?" Wally akauliza, siagi kidevuni.

"Nimekulia pamoja na kaka hodari," akajibu Orest. "Kila alipong'ara yeye, mama alinipa mimi nyama."

Kisha Simba wa Lango akaketi, akalikunja goti la kushoto bila hata kuguna, akala pirogi saba. Na iandikwe hivi katika kumbukumbu za Zoria, kwa herufi kubwa: siku hiyo Nyati walifungwa manne kwa sifuri, na ushindi mkuu kama huo haujapata kuonekana tena.