Foleni ya Tarehe Mosi

Siku orodha ya wanaongoja vibanda vya soko jipya ilipobandikwa ukutani mwa ofisi, watu wa Isiolo walitafuta majina yao. Githae alitafuta kosa, na akalipata kabla hajamaliza kutafuna njugu zake.

Wa kwanza kwenye orodha aliomba 01/02/2017. Wa pili, 01/09/2015. Mama Natabo, muuza makaa aliyeomba 30/06/2014, kabla ya karibu kila mtu, alikuwa chini kabisa ya karatasi, usawa wa kucha za miguu ya watu.

Githae alikuwa na kibanda cha kupiga chapa mtaani Bulla Pesa, na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu. Alielewa mara moja. Kuna mtu ofisini aliiambia kompyuta igeuze tarehe ziwe maandishi, zipendeze machoni, kisha ipange watu kwa maandishi hayo. Nayo, chombo kitiifu kisicho na akili, ikasoma kutoka kushoto: siku kwanza, mwezi, mwaka mwisho. Aliyeomba tarehe mosi, mwaka wowote ule, aliwapita waliozeeka wakingoja.

Mwenye roho safi angemwambia karani. Githae alienda kununua kamba za mbuzi.

"Niko na mtu wangu ndani," alimnong'oneza Kithinji, muuza miraa. "Futa ombi lako ya zamani, tuandike mpya tarehe mosi Machi. Utapanda mpaka ushangae. Mbuzi moja tu."

"Na nikikosa zote mbili?"

"Mzee, mimi ni mtu wa kanisa."

Sheria ilikuwa mtu mmoja, ombi moja. Jipya likiingia, la zamani limekufa. Hata hivyo tarehe mosi ilipofika, kibanda kilijaa watu kumi na tisa na mbuzi kumi na tisa, kelele zisizojulikana ni za nani.

Mama Natabo naye alikuja, bila mbuzi. "Kijana, mimi niliomba mbele ya hawa. Mbona nimesomewa niko mkiani?"

Kwa kuwa mama hakujua kusoma, Githae aliona hakuna hasara kujigamba. Akamvuta kando, akamweleza yote, ya maandishi na ya kushoto. Natabo alisikiliza kwa makini sana.

"Na wewe uliomba lini?" akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Ishirini na nane Agosti, elfu mbili kumi na nne."

"Wui! Kumbe daktari hamezi dawa yake?"

Gedi, muuza viatu, akamrudisha mbuzi wake nyuma. Wengine wakaanza kutazamana. Githae alikitamani kibanda cha sokoni kuliko kitu chochote; chake cha Bulla Pesa kilivuja, na mwenye ploti alikuwa ameshampa notisi; na siku kosa likirekebishwa, tarehe yake ya 2014 ndiyo ingempa. Lakini mbuzi kumi na tisa walikuwa wanamtazama. Akafuta ombi lake la 2014, akaandika jipya, akaliwasilisha baada ya wote.

Natabo akaenda moja kwa moja kwa karani Kagwiria, akamweleza neno kwa neno. Kagwiria aliona aibu, akashukuru, akarekebisha: kompyuta ipange kwa tarehe yenyewe, maandishi yabaki ya kuchapisha tu.

Orodha ya mwisho ilipotoka, Natabo alikuwa wa tatu. Wateja wa Githae walikuwa mkiani, na nyuma ya mkia alikuwa Githae, namba mia nne na kumi na mbili. Mbuzi walirudi kwa wenyewe jioni hiyohiyo, bila majadiliano marefu.

Kagwiria aliwahurumia. Aliyedanganywa alete barua kabla ya Ijumaa, amtaje aliyemdanganya, atarudishiwa tarehe yake. Na nani angeandika barua hizo, bure, Kithinji akiwa amesimama mlangoni? Githae aliandika jina lake mwenyewe mara kumi na tisa, kila mara chini ya neno "tapeli". Iliuma, tusidanganyane.

Kisha akaandika ya ishirini. Aliyedanganywa: Githae. Aliyemdanganya: Githae.

Kagwiria aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Huyu mlalamishi na huyu tapeli wanalala kitanda kimoja," alisema, akimrudishia karatasi. "Waende wakasikizane kwanza."