Mfungo wa Simu

Jogoo aliwika katikati ya sala ya toba. Alikuwa jogoo wa simu, na simu ilikuwa ya Mtaalamu, ambaye hakuwa muumini wa kanisa lile wala la jingine. Aliingia kukwepa mvua. Watu walipogeuka, naye aligeuka, akamtazama kwa masikitiko jirani yake, mzee wa kanisa mwenye koti la kahawia, hadi mzee wa watu akaanza kujipapasa mifukoni.

Mchungaji alifunga Biblia. "Simu hizi zimetula usingizi, zimetula macho, zimetupandisha presha. Sasa zinakula na sala. Nani atatuokoa?"

Lilikuwa swali la mahubiri, lisilosubiri jibu. Lakini Mtaalamu alikuwa ameishi mjini miaka mingi kwa kujibu maswali ya namna hiyo. Akasimama.

"Bwana asifiwe. Mimi nilikuwa silali. Moyo unakwenda mbio kama cherehani. Daktari akaniuliza, usiku unalala na nani? Nikaona haya kumwambia kwamba nalala na simu."

Kina mama wakacheka chini chini, kila mmoja akidhani anasemwa mwenzake.

Hapo akawafunulia dawa: mfungo wa simu. Juma zima simu zote zilale ndani ya sanduku moja, lenye kufuli, madhabahuni. Mwili utapumzika, roho itapata nafasi. Kila mtu aifunge yake kwa leso, asije mwenye simu kubwa akajivuna, na mwenye ndogo akanung'unika. Wivu nao ni ugonjwa, alisema. Sanduku angelitoa yeye, bure, kwa utukufu wa Mungu. Alichosahau kutaja ni kwamba ufunguo wa ziada angebaki nao, na kwamba ng'ambo ya soko alikuwepo bwana mmoja aliyenunua simu bila kuuliza zimezaliwa wapi.

Jumapili iliyofuata waumini walipanga mstari, vifurushi mkononi, nyuso zimekunjamana kwa utakatifu. Mtaalamu alipokea kila kimoja akikipima kwa kiganja. Vilikuwa vizito. Moyo wake ukaimba pambio.

Bibi mmoja, mjane wa aliyekuwa mpiga kengele, alisita mbele ya sanduku.

"Mwanangu, hii ndiyo inanikumbusha dawa ya presha. Binti yangu ameitega, inalia asubuhi na jioni. Nisipokumbushwa nasahau."

"Bibi," alisema Mtaalamu kwa upole wa asali, "Mungu hasahau."

"Hilo kweli," alisema bibi, akaitumbukiza.

Alipotaka kushusha kifuniko, mzee wa koti la kahawia alikohoa. "Na yako, Mtaalamu? Kiongozi hutangulia."

Hakukuwa na pa kupenya. Mtaalamu alitoa simu yake mpya. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akasogea pembeni kuifunga kwa leso, akairudisha imekazwa vizuri. Mtaalamu hakujali. Iende tu, alijisemea, tutakutana baadaye.

Walikutana kesho yake asubuhi. Mfagiaji alipokwenda kuchota maji, sanduku liliondoka kwa mlango wa nyuma, likapanda begani mwa Mtaalamu hadi chumba alichopanga juu ya kinyozi. Alifunga dirisha, akapiga magoti, pengine kwa mara ya kwanza mwaka ule, akafungua leso ya kwanza.

Sabuni.

Ya pili ilikuwa kipande cha kigae. Ya tatu, kopo la dawa ya viatu. Kiongozi wa kwaya alikuwa amefunga kufuli bovu ndani ya leso yake. Leso ya mchungaji aliitambua kwa msalaba uliotariziwa pembeni. Ndani yake mlikuwa na rimoti ya televisheni. Mwisho akafikia leso yake mwenyewe, akaifungua taratibu. Nusu mche wa sabuni.

"Watu wa Mungu," alisema Mtaalamu, kwa uchungu wa kweli, "wamekuwa wezi."

Ndipo kitu kikaanza kulia chini kabisa ya sanduku. Kilikuwa kisimu kidogo cha vitufe, kimefungwa kwa utepe wa mpira, na kwenye kioo pameandikwa: MAMA MEZA DAWA. Kanisa zima, mtu mmoja tu ndiye aliyefunga.

Akakizima. Jioni kikalia tena, na asubuhi. Kila kilipolia alimwona bibi amekaa ukingoni mwa kitanda, amesahau, ana hakika kwamba Mungu hasahau kwa sababu yeye Mtaalamu ndiye aliyemwambia. Mtaalamu aliwahi kuiba mengi, lakini roho ya mtu haikuwa biashara yake. Jumatano, kiliporudia kulia, alijitwika sanduku.

Kanisani kulikuwa na ibada ya katikati ya juma. Polisi hawakuitwa, wangeuliza kila mtu amepoteza simu ya aina gani. Bibi alikuwa benchi la mbele, ameshika kichwa, binti yake akimpepea kwa kitabu cha nyimbo.

"Nililipeleka faragha, kuliombea," alisema Mtaalamu, akilitua.

Hakuna aliyeuliza faragha ipi. Alimtolea bibi kisimu chake. Binti akasoma kioo, akamtazama Mtaalamu kwa jicho la kumkata, akampa mama yake kidonge na maji.

"Tufungue na zilizobaki?" aliuliza mchungaji, kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe.

"Mfungo haujaisha," walisema kina mama kwa pamoja.

"Mimi yangu nitaichukua," alisema Mtaalamu.

"Ndugu yangu," alisema mzee wa koti la kahawia, "usivunje agano."

Hapo jogoo akawika. Aliwika ndani ya koti la kahawia, mara mbili, vizuri kabisa, kwa maana ng'ambo ya soko yule bwana alikuwa amechoka kusubiri, akapiga. Kanisa zima liliinua macho kutazama dari. Mtaalamu alifungua kinywa kudai haki yake, akatafuta maneno ambayo yasingeanza na sanduku, akayakosa.

Bibi alimeza kidonge, akajifuta mdomo. "Na yako, mwanangu, iko wapi?"

Mtaalamu alitazama koti, akatazama sanduku.

"Yangu inafunga, bibi."

"Amina," alisema mzee wa kanisa, kabla ya mtu mwingine yeyote.