Neno Chuma Katika Masomo ya Marehemu Mke Wangu

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Idara ya Kukuza Biashara ya Huduma Mtandaoni,
Bishkek.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini wewe, wanao na mifugo yako mmeuvuka salama msimu wa baridi. Kama huna mifugo kwa sababu ya kuishi mjini, basi natumaini kompyuta zenu ni nzima.

Mimi ni fundi trekta mstaafu wa kijiji cha Kara-Tala, na ni mgane. Mke wangu Burulkan alifariki vuli iliyopita. Ninyi mnamjua kwa Masomo ya Mama Burulkan, maana ndivyo alivyoliita duka lake la kuwafundisha Kikirgizi watu wa nje kwa mtandao, na mlipata kumpa cheti kwa duka hilo. Naandika kuipinga barua yenu inayosema kwamba mwezi ujao mtalisahihisha somo lake la tano kwa mashine. Malalamiko yangu nayaweka kwa namba, kama mlivyotufundisha kwenye semina.

1. Semina yenyewe. Mlikuja wenyewe hapa klabuni kwetu, mkatuambia kwamba nchi yetu imetoka kwenye uchumi wa kupangiwa na bado iko njiani kuelekea uchumi wa soko. Mkasema kwamba katika safari hiyo sufu na nyama hukwama mpakani, lakini huduma ya mtandaoni haifunguliwi na mtu wa forodha. Jirani yangu Ormon akauliza, "Basi na usingizi wangu niuuze? Maana nao haupitii forodha." Watu wakacheka. Burulkan hakucheka. Alikuwa amewapikia na kuwaimbia watoto wa chekechea ya shamba la ushirika mpaka shamba likavunjwa, na tangu hapo alikuwa na maneno mengi na hakuna wa kumfundisha. Kesho yake aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akaanza: "Hiki ni kijiko." Kwa hiyo mliomwita ni ninyi. Hakujileta.

2. Kosa mnalomlaumia. Mimi naitwa Temirbek, na temir ni chuma. Mwanamke aliyelelewa kama Burulkan hatamki jina la mumewe wala la baba mkwe wake, wala neno lililofichama ndani ya majina hayo. Ninyi wa mjini mmeiacha desturi hiyo, nami siwaonei kinyongo. Yeye hakuiacha. Kwake chuma kilikuwa "kigumu". Nami aliniita vivyo hivyo: "Kigumu, chai inapoa." Ufunguo ulikuwa wa kigumu, jiko lilikuwa la kigumu, na reli, ambayo sote huiita njia ya chuma, ilikuwa njia ya kigumu. Ndivyo alivyofundisha katika somo la tano, Vitu vya Nyumbani na vya Safari, na wanafunzi wa nchi mbalimbali wakaitikia baada yake. Hakukosea, ndugu. Alikuwa anaheshimu.

3. Mlalamikaji. Ni Bwana Juhani wa Ufini, aliyekuja kiangazi kilichopita kwa shauku ya kupanda treni ya kwenda ziwani. Alifika stesheni akamwambia mkata tiketi, kwa Kikirgizi safi cha mke wangu, "Dada, naomba njia ya kigumu." Mama yule akamtazama, akamjibu, "Baba, nchi hii njia zote ni ngumu. Wewe wataka ipi?" Akaelekezwa kwenye basi, na basi likaharibikia mlimani, kwa hiyo hata mkata tiketi hakumdanganya. Juhani akayapa masomo nyota moja. Wakati huo Burulkan alikuwa tayari hajiwezi. Nilimsomea malalamiko yale, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Masikini. Mwambie aje, nitampikia." Tafadhali pimeni wenyewe kama huyo ni mtoa huduma wa nyota moja.

4. Mashine. Kijana wenu Eldiyar alinipigia simu kwa adabu sana. Alisema, "Mzee, ni neno moja tu. Sauti yake tunayo yote. Mashine itaichukua, na itatamka temir kama yeye mwenyewe." Nikamwambia yeye mwenyewe hakulitamka kamwe. Akasema, "Ndiyo maana tunamsaidia, mzee."

Kuhusu msaada huo nina jambo la kusema. Siku nilipompeleka hospitali nilibaki nje nikifunga farasi. Muuguzi akamwuliza jina la mume. Burulkan alinyoosha mkono akaugusa ubavu wa kitanda, kilichokuwa cha chuma. Muuguzi akaandika alichokiona. Kwa muda wote wa ugonjwa wake mimi pale wodini nilikuwa Bwana Kitanda, na madaktari waliniita hivyo, nami niliitika, kwa sababu sikutaka kumwumbua. Sasa nauliza kwa unyenyekevu: jina ambalo hakulitoa kwa muuguzi, akiwa katika hali ile, mnataka alitoe kwa Juhani?

5. Jiwe. Hili hamjaligundua, lakini nalisema mapema msije mkadai nilificha. Baba yangu aliitwa Tashtan, na tash ni jiwe. Nimeyasikiliza masomo yote tena, na hakuna jiwe hata moja. Kuna "kizito". Wanafunzi walioko nje wanaamini kwamba milima yetu imejengwa kwa kizito. Mkianza kusahihisha hamtaishia kwenye somo la tano.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mlitufundisha kwamba mteja hakosei. Watu wanaosema kigumu kwa sababu ya Burulkan ni wengi kuliko abiria wa treni yetu ya ziwani, na wanalipa vizuri zaidi. Ni nafuu basi kuisahihisha nchi kuliko kulisahihisha somo. Naomba reli iitwe rasmi Njia ya Kigumu, mabango yapakwe rangi upya, na mkata tiketi apelekwe semina. Shule zifuate. Milima iandikwe kwenye ramani kwamba ni ya kizito. Mimi nipewe kitambulisho kipya cha Kigumubek, na picha nitajilipia. Ormon amenikemea, "Wewe mzee wewe, nchi nzima ihame kwa ajili ya mkeo?" Nimemjibu kwamba nchi hii tumeiona ikihama kwa sababu ndogo kuliko hiyo, tena bila sisi kuulizwa.

Mnisalimie wote hapo ofisini, na mama yake Eldiyar aliyemlea akawa na adabu. Mnisalimie mkata tiketi, ambaye alisema kweli. Na Juhani mwambieni ile ahadi ya chakula ipo. Nitapika mimi, ila maandazi yangu nayo ni ya kigumu.

Ni mimi, nikiwaheshimu bila kupungua,

Temirbek mwana wa Tashtan,
Kara-Tala.

Nyongeza: Kanyshay, binti wa ndugu yangu, ambaye ndiye anayenichapia barua hii, ananiambia kwamba mashine kama hiyo hujaribiwa kwanza, na kwamba huenda imekwisha kulitamka neno temir kwa sauti ya Burulkan humo ofisini kwenu. Kama ni hivyo, naomba msilifute kabla ya kunipigia. Eldiyar asiseme kitu, aisogeze simu karibu tu. Iseme jina lote, Temirbek, na kama si usumbufu, iongeze "chai inapoa". Neno chai limo katika somo la kwanza, na kupoa mtakupata kwenye la tatu.