Ombi la Hati ya Kutojua

Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja
20 Septemba 2004
Mwaka wa sita tangu niondoke Sikonge, Tabora

Kwa Profesa Msimamizi wa Utafiti wa Ndugu Basil,
Chuo Kikuu.

Kupitia kwa Sheha wa mtaa.

Mheshimiwa Profesa,

YAH: KUOMBA HATI YA KUTOJUA

Nakusalimu kwa heshima. Afya yangu ni njema kuanzia kiunoni kwenda chini. Juu yake kuna mgongo, na huo hauhusiani na barua hii.

Hunijui, lakini picha yangu unayo. Mimi ndiye ile nukta kubwa nyekundu.

Jina langu ni Mihayo Lugendo, na shule niliishia darasa la tano. Navuta mkokoteni wa chokaa, mchanga na boriti katika vichochoro ambavyo gari haliingii, kwa ajili ya mafundi wanaotengeneza nyumba za zamani. Nalala katika ghala ya chini ya nyumba tunayoitengeneza, pamoja na chokaa. Kwa miaka mitano mtaa mzima uliniita "Mnyamwezi wa mkokoteni", nami niliitika "Naam", na mambo yalikwenda vizuri.

Mwanafunzi wako Basil alikuja mwaka huu baada ya Idi Kubwa. Ni kijana mwenye adabu, mzaliwa wa hapa hapa, aliyesoma nje mpaka sasa anakaribia kuwa daktari, ingawa nilipomwonyesha mgongo alisema udaktari wake si wa namna hiyo. Alipita baraza hadi baraza na kompyuta yake ya kufunua kama kitabu, akimwuliza kila mtu mzima: "Ukiwa na siri, unamweleza nani?"

Profesa, swali hilo aliliuliza mbele za watu. Bwana Nasser wa duka la vyombo aliulizwa huku jirani zake wanne wamekaa naye barazani, masikio wazi. Angemtaja mmoja, watatu wangenuna. Angesema hana wa kumwambia, angeonekana ana kiburi. Akatazama huku na huku, akaniona napita na mchanga, akasema, "Yule Mnyamwezi." Wote wakapumua. Aliyefuata akasema, "Hata mimi, yule yule." Wanawake waliulizwa ukumbini na mawifi zao wako nyuma ya pazia, nao wakanitaja mimi, ingawa wengi wao hawajapata kuniona ila kisogo. Ndivyo watu wa hapa wanavyolinda sitara. Wakibanwa, humtaja mtu ambaye hakuna wa kumwonea wivu.

Mimi mwenyewe Basil hakuniuliza. Alisema simo katika daftari la wakaazi, kwa hiyo mimi ni mpitaji.

Baadaye alitukusanya skuli, akatundika shuka jeupe ukutani na kumulika picha ya mtaa wetu. Kila mtu alikuwa nukta, na kila siri ilikuwa mstari. Tangu jioni ile nina malalamiko, na naomba kuyapanga.

1. Nukta yangu ni kubwa mno. Ilikuwa kama shokishoki lililoiva, na mistari ikiingia kutoka kila upande. Nukta ya Sheha wetu, Mzee Simai, ilikuwa kama punje ya pilipili manga, tena pembeni. Watu walicheka. Mzee Simai ana umri wa baba yangu, lakini tangu siku ile tukikutana njiani hunitangulia yeye, kwa sauti ya kusikiwa na baraza zima: "Shikamoo, bwana mkubwa!" Sijui pa kuweka uso, wala pa kuweka mkokoteni.

2. Naaminiwa bila sababu. Kila mmoja anajua kwamba yeye alimdanganya Basil, lakini hakuna anayejua kwamba wenzake nao walidanganya. Kila mmoja anaona kwamba yeye peke yake ndiye hajaniambia kitu, na kwamba siri za wengine wote ninazo. Bwana Nasser alikuwa wa kwanza kuja ghalani. Aliniuliza ndugu yake, ambaye hawasemezani, ananiambia nini juu yake. Nikasema, "Sijui." Akanitazama kwa heshima kubwa. Kesho yake alimwambia mtu, "Yule kifua chake ni sanduku la Mzungu, halifunguki." Tangu hapo, kila ninavyosema sijui ndivyo wanavyozidi kuja. Wakija wanaogopa kuonekana wamekuja bure, basi wananiambia siri zao kweli. Sasa ninazo. Sikuziomba, na hazina pa kuwekwa.

3. Kazi imeniponyoka. Zamani nilitoka Darajani na mzigo wa chokaa nikafika kabla jasho halijashuka shingoni. Sasa kila baraza ni "Karibu, kaa, upate kahawa kidogo," na kila kahawa ina jambo nyuma yake. Fundi Hija, anayenipa kazi, alivumilia akachoka. Akaniambia, "Bwana, mtu wa hadhi yako mimi siwezi kumtuma mchanga. Nitapata dhambi." Mkokoteni akampa mtu mwingine. Mimi napewa kazi ya kuchunga chokaa iliyolowekwa, na chokaa iliyolowekwa haina tabia ya kukimbia.

4. Nimepewa simu. Watu wa semina moja ya malaria walisoma matokeo ya Basil, wakaja kunitafuta wakisema mimi ni kiongozi asiye rasmi. Walinipa fulana, kofia na simu ya mkononi ili nieneze habari za chandarua. Mimi mwenyewe sikuwa na chandarua. Nilipowaomba kimoja walisema vyandarua vimo katika mradi mwingine. Zamani mtu akinitaka alingoja nipite. Sasa wananipata hata chooni. Asiye na salio hubipu. Mimi nami salio sina, kwa hiyo nakwenda kwa miguu hadi kwake kumwuliza alitaka nini, naye husema, "Hapana, nilikuwa najaribu tu kama inaita."

Basil alirudi mwezi wa sita, akazihesabu simu zinazoingia kwangu, akafurahi sana. Alisema sasa matokeo yake yamethibitika. Nikamwambia kwamba simu yenyewe nilipewa kwa sababu ya matokeo yake. Akafikiri kidogo, kisha akaliandika hilo nalo na kusema ni matokeo mapya.

5. Homa. Hapa naomba usome taratibu.

Masika ya mwaka juzi niliugua katika ghala ile ile, na hakuna aliyegonga mlango. Silaumu. Walidhani mkokoteni umehamia mtaa mwingine. Mwezi wa saba mwaka huu nikaugua tena, na mtaa wote ukaingia. Bi Shemsa wa nyumba ya pili alileta uji wa pilipili manga, akaketi, akaniuliza kwa upole kama nikiwa na homa huwa naweweseka. Nikasema sijui. Habari hiyo ilienea kuliko habari zote za chandarua nilizopata kueneza. Kuanzia hapo walinikeshea kwa zamu. Aliyekuwa zamu hakutaka kuondoka mwenzake akiingia, na mwenzake hakutaka kuingia aliyetangulia akiwa bado yupo, wakawa wanakaa wote, kila mmoja ameinama karibu na kinywa changu. Nililishwa, nikafutwa jasho, nikageuzwa ubavu. Mtu mmoja, sijui nani, alinitundikia chandarua. Sijapata kuuguzwa vile tangu kwa mama yangu. Lakini mama yangu hakuwa akiogopa nitasema nini.

Nikapona. Ndipo nilipojua, Profesa, kwamba ile mistari ya Basil inapita juu yangu kama nyaya za umeme zinavyopita juu ya kibanda kisicho na taa.

6. Nazuiwa kurudi nyumbani. Hili ndilo kubwa, na mengine yote niliyaandika ili hili lipate wa kulisindikiza. Mke wangu Nyamizi yuko Sikonge. Alinivumilia kwa miaka mingi, lakini barua yake ya mwisho ilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza ulisema watu wanadai nimeoa huku. Wa pili ulisema hata kama sijaoa, yeye amechoka kunitetea. Nilipotangaza kwamba Idi Ndogo ikipita naondoka moja kwa moja, watu wa baraza walikutana bila mimi, wakaamua siwezi kwenda, kwa sababu siri za mtaa zitavuka bahari. Bwana Nasser alinieleza kwa upole: "Tungekuwa tumekupa kiti, ungetuachia kiti. Hiki tulichokupa utatuachiaje?" Basil naye aliniomba nisiondoke kabla hajamaliza kuandika, kwani nukta yangu ikitoka, mtaa unakatika vipande vitatu, na udaktari wake pamoja nao.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Chuo chako, nasikia, hutoa hati kwa watu wanaojua. Naomba hati moja kwa mtu asiyejua. Iandikwe kwamba Mihayo Lugendo amechunguzwa na wataalamu na imethibitika kwamba hajui lolote la mtu yeyote, ipigwe muhuri mkubwa, nami nitaibandika katika mlango wa skuli. Pia nukta yangu ifutwe. Mahali pake pawekwe kitu kisicho na mke, kwa mfano mfereji, yaani bomba la maji, wa pale njia panda, kwani nao kila mtu huuendea na haujapata kusema neno.

Kwa kuwa mimi ni mgeni, nisiye na ndugu wala rafiki hapa, na nisiyejua habari za mtu, natumaini utaliona jambo hili kuwa jepesi.

Wanakusalimu watu wa hapa. Bwana Nasser anakusalimu, na ndugu yake anakusalimu, kila mmoja mbali, ingawa si kwa muda mrefu tena. Bi Shemsa anakusalimu, mwanawe amekwishaandika kutoka Maskati na yale maneno hayakuwa kweli. Fundi Hija anakusalimu, usimwulize habari ya ukuta wa mashariki. Mwambie Basil kwamba mama yake amekubali habari ya posa, lakini aje na mjomba wake, asije na kompyuta.

Wako mtiifu asiyejua,
Mihayo Lugendo

N.B. Barua hii niliipeleka jana kwa Sheha ili aipitishe, kama ilivyo desturi. Mzee Simai aliisoma yote mbele yangu, polepole, miwani ikiwa puani. Alipofika lalamiko la tano alisimama. Akasema, "Kile chandarua ni changu, na ulipopona ungekirudisha. Mimi na mke wangu tunaliwa na mbu tangu mwezi wa saba." Mzee Simai hajapata kuniambia siri hata moja. Hakuwa na la kuogopa nikiweweseka. Akapiga muhuri. Kisha alitoka nami hadi barazani akawaambia wale wenye uamuzi wao: "Mwacheni aende kwa mkewe. Anayebeba siri za watu ni yule anayeondoka asirudi. Huyu ana chandarua changu." Wakakubali.

Kwa hiyo hati naomba isiandikwe kwanza. Nukta nayo msiifute, ipunguzeni tu ukubwa, na kama rangi ipo, mchoreni mstari mmoja unaotoka kwangu kwenda kwenye ile punje ya pilipili manga. Basil hakuniuliza, lakini jibu ninalo.

Nyamizi nimeshamwandikia afunge mizigo. Naondoka Idi ikiisha. Natarajia kurudi Kiponda, pamoja naye, mwanzo wa Mfungo Tatu, kabla ya Idi Kubwa.