Njia ya Kwenda Stoo

Jumatatu, 5 Mei 2025. Kitale.
Cheo cha kiongozi wa mafundi wa programu kiko wazi. Madam Bilan, mwenye kampuni, atakitoa baada ya maonyesho yetu ya Ijumaa huko Bungoma. Tuko wawili tu, mimi Ngige na Chepkosgei. Chepkosgei anajua kazi. Hilo ndilo tatizo lake: hana ujanja.

App yetu huhifadhi picha za magunia ya mahindi ya wakulima. Picha zikipotea, lazima mtu achimbe kompyuta nzima akitafuta folda ambamo app imezificha. Leo Chepkosgei amechimba mpaka chai yake ikapoa. Nikainywa mimi. Hapo wazo likanijia.

Jumanne, 6 Mei.
Nimeifundisha debaga, ile programu ya kuisimamisha app katikati na kuichungulia tumboni, amri tatu mpya. Ukiandika "nyumba", inakutolea njia ya folda kuu ya app, yaani majina ya folda zote unazopitia mpaka uifikie. "Stoo", njia ya folda ya picha. "Jalala", njia ya takataka. Neno moja tu! Kusema kweli nina kipaji.

Chepkosgei aliuliza kwa nini stoo. Nikamwambia mkulima hajui folda, anajua stoo. Akasema, "Sawa bana, lakini si ujaribu kwanza kabla ya watu waone." Wivu huo.

Alhamisi, 8 Mei.
Nimepanga laptop yangu upya, nyumbani Kibomet. Mtu mkubwa hujiandaa mapema. Jina langu la kuingilia sasa ni meneja-ngige. Ndani yake kuna folda bilan-hajui-kompyuta. Ndani ya hiyo, chepkosgei-atanibebea-begi. App nzima nimeihamishia humo. Nani ataona? Inanipa nguvu za kufanya kazi.

Chepkosgei alipiga simu kuuliza kama nimezijaribu amri. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimezijaribu.

Ijumaa, 9 Mei. Bungoma.
Ukumbi wa ushirika, Kanduyi. Wakulima wamejaa. Picha ya kwanza ikakataa kufunguka. Nilifurahi ajabu! Nikasimama, nikaunganisha laptop yangu na skrini kubwa, nikafungua debaga, nikaandika "stoo" kwa kidole kimoja, kwa madaha.

Njia ikatoka. Yote. Tangu mwanzo.

Mzee wa mstari wa mbele akaisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma somo kanisani: "Meneja Ngige... Biran hajui kompyuta..." Akauliza huyo Biran ni nani. Madam Bilan akainua mkono. Mzee alipofika kwenye begi, ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Na picha zilikuwepo, pale pale amri iliposema! Hakuna aliyelitaja hilo.

Kurudi Kitale, begi la Chepkosgei nimebeba mimi.

Jumatatu, 12 Mei. Kitale.
Cheo amepewa Chepkosgei. Nimeumia, sifichi. Madam Bilan amesema amri ni nzuri na zitabaki, na mimi pia nitabaki, mradi nifute yale majina. Nimeyafuta yote. Folda mpya ya app nimeiita chepkosgei-ni-wa-muda-tu.

Agizo la kwanza la Chepkosgei: kuanzia kesho, kila asubuhi, kila laptop ya ofisi iendeshe amri zangu, na njia zote zitokee kwenye skrini ya ukutani. Amri zangu, ukutani, kila siku! Nimemwomba skrini ihamishiwe karibu na mlango, ili hata wageni waone.