Kinga Yenye Magoti

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa saba 1996

Nimepata kinga. Wengine huiita baiskeli, lakini hapa Likasi ni kinga, na hii si kinga kama za wengine. Ina resori mbili, yaani springi nene: moja mbele kwenye uma unaoshika gurudumu, nyingine chini ya kiti. Ukiikalia inashuka taratibu, kisha inakuinua, kama mtu mwenye adabu. Ilikuwa ya Mzungu mmoja, mwalimu wa ufundi, ambaye anarudi kwao. Aliniambia wazi kwamba ni kitu cha bei nafuu, kwamba kwao inauzwa duka moja na sufuria. Niliona anajishusha tu. Waungwana wako hivyo.

Nimempa friji yetu, tumebadilishana. Umeme unaingia mtaani kwetu kama mgeni asiye na taarifa, na tangu mwaka jana friji ilikuwa ghala la unga. Clotilde, mke wangu, aliuliza unga utakaa wapi sasa, na panya je. Nilimwambia mtu mwenye usafiri hafikirii panya. Alihamisha unga kwenye ndoo, akaweka jiwe juu ya kifuniko.

Nilikuwa karani wa ghala kiwandani miaka kumi na tisa. Tangu mashine zisimame, nimekuwa karani wa uwanja wa nyumba yangu. Hayo yamekwisha leo.

Jumanne, tarehe 2

Nilizunguka mtaa mara nne. Mara ya nne haikuwa ya lazima. Watu walitoka kutazama. Mama mmoja alibonyeza kiti kwa kiganja, kama anayepima mkate.

Jirani yangu Urbain alikuwa anapaka mafuta mnyororo wa kinga yake. Urbain naye alikuwa wa kiwanda, upande wa tanuru. Kazi ilipokwisha alichukua kinga nyeusi ya marehemu baba yake, chuma kitupu, akaanza kubeba samaki kutoka ziwa Tshangalele kwa ajili ya akina mama wa soko. Clotilde ni mmoja wao. Urbain alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Kinga ya weye iko na magoti, Papa Arsène. Inapendaka kusali.”

Watu walicheka. Nilimjibu kwamba ya kwake ilikufa ikiwa imesimama. Hakuna aliyecheka. Nafikiri hawakusikia.

Jioni Clotilde alifungua kikapu chake. Samaki wa moshi, nusu yao vipande. Kinga ya Urbain inatingisha, barabara ni mashimo, samaki mkavu anavunjika. Samaki mzima anapangwa mbele ya meza, watu wanamwona. Vipande vinangoja mtu asiye na la kuchagua. Nilitazama vile vipande. Nikatazama kinga. Jambo likanijia lenyewe. Juu ya resori, samaki atasafiri kama askofu. Atafika mzima, mpaka mkia. Soko lote litanitafuta mimi.

Nilimweleza Clotilde. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiri. Kwa Urbain huwa hafikiri. Anampa kikapu tu.

Alhamisi, tarehe 4

Kinga haina keria ya mizigo. Walioitengeneza walisahau. Nikaenda kwa Kabongo, yule anayechomelea vyuma karibu na kituo cha treni. Aliizunguka, akabonyeza, akauliza achomelee wapi, kwa kuwa sehemu ya nyuma inatembea na ya mbele haitembei. Nilimwambia achomelee penye chuma kinene. Chuma kinene kilikuwa kile kinachoshika gurudumu la nyuma. Kabongo alivaa miwani yake. “Minye nachoma,” alisema, “lakini kama kuko maneno kisha, usikuje kuniuliza.”

Nikiwa njiani kurudi nilielewa. Gurudumu likiingia shimoni, keria inapanda pamoja nalo na kunipiga matakoni. Kutoka kwa Kabongo mpaka nyumbani mashimo si machache. Nilikula bukari, ugali wetu, nikiwa nimesimama. Nilimwambia Clotilde nimekaa vya kutosha miaka hii miwili.

Jumamosi, tarehe 6

Kabongo aliisogeza keria nyuma kidogo. Nikafanya jaribio rasmi: kwenda Buluo, nje ya mji, na kurudi na magunia mawili ya makala, yaani mkaa. Gunia la kwanza, resori ilishuka nusu. Gunia la pili, ilishuka yote na haikurudi. Gurudumu likawa linakwaruza chuma, harufu ya mpira ikanifuata. Niliisukuma kwa miguu njia nzima. Karibu na gereza kubwa kulikuwa na wafungwa wanaofyeka majani kando ya barabara, na mlinzi nyuma yao. Mmoja aliinuka, akanitazama tangu nilipotokea mpaka nilipopotea. Niliusoma uso wake. Alikuwa ananionea huruma.

Penye kuingia mjini Urbain alinipita na magunia matatu na mbuzi. Alinisalimu vizuri. Nauchukia usalimiaji wake.

Hata hivyo tatizo limejulikana. Resori ni laini. Kitu kizuri hakitupwi, kinaboreshwa.

Jumapili, tarehe 7

Jana jioni nilipata resori ngumu, kutoka katika lori lililokufa nyuma ya soko. Kabongo aliifunga. Nikaenda nayo Misa. Njia nzima haikushuka hata kidogo, ngumu kama jiwe, nami nikajisifu. Penye mfereji mbele ya kanisa ikaamua kufanya kazi, yote kwa mara moja. Kinga ilibaki upande wa huku. Mimi nilifika katikati ya akina mama wa kwaya, waliokuwa wamejipanga kuingia.

Mama Adrienne, anayeongoza kwaya, aliniokotea kofia. Alisema katika nyumba ya Mungu mtu anaingiaka na miguu.

Jumatano, tarehe 10

Nimefaulu. Wazo ni la Kabongo, lakini mimi ndiye niliyelikubali. Tumeondoa resori ya nyuma, mahali pake tumeweka kipande cha mti mgumu, tumekikaza kwa boliti na waya. Mbele vilevile. Sasa haishuki, haipandi, hairushi mtu. Nilizunguka mtaa na magunia mawili ya mchanga. Ni nzito kidogo kuliko zamani. Vitu imara ni vizito.

Clotilde alitoka jikoni akipangusa mikono. Aliitazama mbele, akaitazama nyuma.

“Sasa iko sawa na ya Urbain?”

Nilimweleza kwamba ya Urbain haina resori kabisa, wakati ya kwangu ina mahali pa resori. Tofauti ni kubwa. Akaingia ndani na kurudi na mfuko wake wa chumvi na sabuni. Ndiyo bidhaa yake yote. Ndiyo anayobadilishana na wavuvi. Alisema Urbain amejaa mizigo ya Mama Georgette, mwenzake wa soko, wiki hii, na meza yake mwenyewe ni tupu tangu Jumatatu, kwa hiyo niende mimi. Alinifungia mfuko mwenyewe, akavuta kamba mara mbili.

“Ifike muzima tu,” alisema.

Sikujua kama anasema samaki au mimi.

Jumapili, tarehe 14

Naandika taratibu. Bega la kuume haliinuki.

Niliondoka Ijumaa alfajiri, baridi ya mwezi wa saba ikinikata vidole. Jua lilipokuwa linashuka nilifika ziwani. Wake za wavuvi walifurahia sabuni. Walinipa samaki wa moshi vikapu viwili, wamepangwa vizuri kama karatasi za ghala langu la zamani. Jana asubuhi nikaanza kurudi.

Baada ya njia panda ya kwenda Koni kuna kizuizi cha askari. Walikuwa watatu, wanaota moto. Mti wa kizuizi ulikuwa umeinuliwa. Mmoja alinipungia mkono nipite. Daftari hili ni langu, kwa hiyo nitasema kweli: nilisimama mwenyewe. Nilisikia mmoja anamuuliza mwenzake hii ni kinga ya namna gani, nikaona si vizuri kumwacha mtu katika ujinga. Niliwaeleza. Mbele, nyuma, Ulaya, maboresho. Nilieleza kwa muda.

Mkubwa wao aliinuka. Akaomba karatasi za resori. Nilisema resori hazimo tena, ni mti tu. Akasema basi nitoe karatasi za mti.

Walishusha vikapu, wakaviweka juani. Wakaanza kuendesha, mmoja baada ya mwingine, wakicheka kama watu walio likizo. Wa kwanza alienda na kurudi. Wa pili vilevile. Wa tatu, mnene kuliko wote, aliiteremsha bondeni. Tulisikia kabla ya kuona. Ule mti ulichomoka kwa mlio kama wa bunduki, wenzake wakalala chini. Kisha akatokea, anachechemea, anavuta nusu ya kinga kwa mkono huu na nusu kwa mkono huu. Alikuwa na hasira. Alisema ni kinga mbaya.

Hapo niliruhusiwa kwenda. Waliondoa samaki wa juu katika kikapu kimoja, wale wakubwa, na kizuizi kikawa wazi kabisa kwa ajili yangu.

Nilikaa kando ya barabara. Vikapu viwili, vipande viwili vya chuma, mtu mmoja. Niliwaza meza tupu ya Clotilde. Niliwaza ile kamba aliyovuta mara mbili. Sikuwa na wazo lolote. Kwangu hilo ni jambo la nadra, na liliniogopesha.

Kabla ya saa sita Urbain alitokea na mizigo ya Mama Georgette. Alisimama. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alitazama vile vipande, akatazama vikapu, akafungua kamba zake. Aliweka vikapu vyangu juu ya vile vya Mama Georgette, akafunga, akajaribu kwa mkono. Mzigo ulikuwa mrefu kuliko yeye, haukuacha nafasi ya mtu kukaa. Basi aliisukuma kinga yake kwa miguu, barabara yote, mpaka Likasi. Mimi nilimfuata, nusu ya kinga kwenye bega hili, nusu kwenye bega hili. Alisema neno mara moja tu, tulipoanza kuona moshi wa mji. Aliuliza kama bega linaniuma. Nilisema hapana. Liliuma.

Ni wazi alifanya vile ili kunifedhehesha.

Kwetu, usiku ukiwa umeingia, alishusha vikapu, akakataa samaki aliopewa, akaenda. Clotilde alifungua. Nusu wazima, nusu vipande. Kama siku zote. Alipanga wazima huku, vipande kule, na hakusema kitu. Leo asubuhi, kabla ya Misa, bado hakuwa amesema kitu. Nikashindwa kuvumilia. Nilimuuliza kwa nini hanigombezi.

“Baba Joëlle,” alisema, akiniita kwa jina la binti yetu, “minye nilijua friji inaenda bure.”

Nilimuuliza kwa nini basi hakunizuia. Alikuwa anakunja kitambaa. Alikikunja mpaka mwisho kabla ya kujibu.

“Miaka mbili unavalaka nguo ya kazi kila asubui, unaikala kwa kiti, unangoja king’ora ya kiwanda. Minye naonaka. Ile siku ya kinga ulikuwa unapiga muluzi. Nikasema, muache aende nayo. Friji haikunipigiaka muluzi hata siku moja.”

Akaongeza kwamba kesho kikapu chake kitaenda na Urbain, na kwamba leo mimi niende nimshukuru.

Sikujua kama nilipiga mluzi. Nimejaribu kukumbuka ni wimbo gani.

Nilienda. Urbain alikuwa uwanjani, mikono yake ndani ya beseni la maji ya chumvi. Viganja vilikuwa vimechubuka. Nilisimama kidogo. Nilimwambia keria yake imepinda upande wa kushoto. Alisema anajua. Alinisogezea kiti kwa mguu, nikakaa, tukatazama beseni. Kwa maoni yangu shukrani zilitolewa.

Alhamisi, tarehe 18

Nimefikiri sana siku hizi nne, na nimeliona kosa langu. Namshukuru Mungu nimeliona mapema. Kosa lilikuwa pedali. Mtu wa umri wangu hafai kukanyaga.

Jana sokoni nilikutana na bwana mmoja, Eddy, mtu wa Kambove, mwenye heshima, amevaa tai. Ana pikipiki. Anaiacha kwa sababu za kifamilia. Nilienda kuiona leo asubuhi kwa lifti ya lori la mahindi. Ina taa. Ina kiti cha watu wawili, ngozi yake haijapasuka. Ina hata kioo cha kutazama walio nyuma. Hataki makuu. Anataka kitanda tu, kile chetu cha mbao, na godoro lake. Tumepeana mikono. Habari ya kitanda Clotilde nitamwambia kwa wakati wake.

Habari ya pikipiki nilimwambia mchana huu. Aliuliza inakosa nini. Swali zuri, nilimjibu bila kuficha: inakosa mashine, yaani injini. Kila kitu kingine kipo. Aliweka kisu chini, akaniuliza kama haina mashine nitaifikishaje hapa.

Nilimwambia atulie. Toka Kambove mpaka Likasi, barabara inateremka.